Jibu Langu la Mtito Andei

Kwa miaka tisa nilifanya kazi ya kuonyesha sinema katika masoko na shule za Kitui na Makueni, na miaka yote hiyo tulikuwa wawili. Mimi niliendesha Landrova, nikawasha jenereta na kufunga mikanda kwenye projekta. Mwenzangu alishika maikrofoni. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo watazamaji wetu wengi hawakuijua, kwa hiyo alisimama kando ya kitambaa cheupe akawaeleza kwa Kikamba yaliyokuwa yakisemwa. Hakutafsiri tu. Wazungu wa kwenye filamu aliwapa sauti za watu wa kwetu. Huyu akasema kama karani wa chifu, yule kama mama anayegombania nafasi kisimani. Watu walianza kucheka hata kabla ya kuona cha kuchekesha.

Tulikuwa tumeajiriwa na kampuni ya matangazo ya Nairobi. Kwanza tulionyesha sabuni na majani ya chai, kisha filamu fupi ya kuchimba makinga-maji shambani, halafu kichekesho cha kuwaaga watu. Ilikuwa miaka ya sabini, na redio yenyewe ilikuwa kitu cha kujivunia. Tulipofika Mbumbuni au Mutomo watu walitupokea kama wageni wa harusi. Baadaye walirudi makwao, na sisi tukabaki kukunja waya.

Kazi hiyo ilinigharimu ndoa. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na mji wa Kitui, mwanamke mtulivu aliyependa mambo yawe mahali pake. Tulifunga ndoa kanisani, na katika miaka minne tuliyokuwa pamoja sidhani kama tulikaa chini ya paa moja hata mwaka mzima ukijumlisha siku. Hatukujaliwa mtoto. Nilikuwa nikirudi baada ya wiki tano au sita, naoga, nalala, nazungumza juu ya barabara mbovu, kisha naondoka. Hakulalamika, nami nikadhani asiyelalamika ameridhika.

Siku moja nilirudi nikakuta nyumba imefagiliwa na ufunguo uko kwa mama yangu. Mama akanieleza kwamba mke wangu ameomba uhamisho, na sasa anafundisha upande wa Embu. Nilimfuata mara moja tu. Alizungumza nami nje ya ofisi ya walimu, amesimama, chaki bado mkononi, kwa heshima kabisa, kama vile mimi ni mzazi aliyekuja kuuliza maendeleo ya mtoto. Aliniambia amechoka kuishi na mtu ambaye sanduku lake halijawahi kufunguliwa lote. Kengele ikalia, akarudi darasani.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa nami siku zilizofuata. Alikuja nyumbani kwangu Kitui bila kuitwa, akakaa siku tatu. Alipika isyo, ile ya mahindi na maharagwe, akaacha ichemke mpaka ilainike kabisa, maana aligundua sikuwa na nguvu ya kutafuna. Hakuniuliza lolote wala kunipa ushauri. Siku ya nne alisema Landrova itashika kutu, tukaondoka. Namkumbuka kwa siku hizo tatu kuliko kwa kitu kingine chochote, na hilo ndilo linalofanya haya yanayofuata yawe magumu kuyasimulia.

Tulikuwa kama watu wa nyumba moja. Katika lojingi tulichukua chumba chenye vitanda viwili. Nilijua kwamba hawezi kulala mlango ukiwa upande wa kichwa chake, naye alijua kwamba mimi asubuhi sitaki kusemeshwa kabla ya chai. Alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa kutoka upande wa Mbumbuni, mtu mrefu, mwembamba, na alipofikisha miaka thelathini na tano bado hakuwa ameoa. Alikuwa amechumbia mara mbili na mara mbili mambo yakavunjika, mara ya kwanza kwa sababu ya wazazi wa msichana, mara ya pili kwa sababu ambazo hakuwahi kunieleza.

Kisha akampata yule mama wa Mtito Andei.

Mama huyo alikuwa na hoteli ndogo nyuma ya kituo cha petroli, mahali ambapo madereva wa malori waliteremka kula kabla ya kuendelea na safari ya Mombasa. Alipika maharagwe kwa nazi, jambo ambalo huku kwetu halikuwa la kawaida. Alikuwa amewahi kuolewa na dereva wa lori. Mume huyo alimshusha Mtito Andei na mizigo yake, akamwambia amsubiri siku mbili, na hakuonekana tena. Mama alisubiri wiki nzima. Mzee mwenye duka la jirani, Mwislamu aliyekuwa amehamia hapo na familia yake kutoka upande wa Garissa, alimpa chumba cha nyuma na unga wa kuanzia. Chapati za kwanza alizouza zilitokana na unga huo.

Mwanzoni mwenzangu alisema anapenda maharagwe. Baadaye nikaona kwamba njia zetu zote zinaishia Mtito Andei. Hata tukitoka kufanya kazi Ikutha, atapata sababu ya kupitia kule. Alikuwa akikaa jikoni, anamenya vitunguu huku akimsimulia zile filamu kwa sauti zake zote, na mama anacheka mpaka anashika ukingo wa meza. Mimi nilikaa nje na chai yangu. Sikumbuki kama kuna aliyenifukuza jikoni. Niliona tu kwamba mle ndani viti vilikuwa viwili.

Mwaka wa sita wa kazi yetu aliniambia anataka kuacha kuzunguka. Yeye na mama walikuwa wanafikiria kufungua hoteli kubwa zaidi Kibwezi, na mwezi wa nane angepeleka wazee wake kwa jamaa za mama huko Taita. Alikwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Kiingereza chake cha kusema kilikuwa kizuri kuliko cha kuandika, akaniomba niisahihishe. Niliisahihisha nikaitia kwenye mkoba wangu, nikamwambia nitaipeleka mwenyewe nikienda Nairobi kuchukua mikanda mipya.

Nilikaa na barua hiyo wiki mbili. Niliwazia chumba cha lojingi na kitanda cha pili kitupu. Niliwazia nyumba yangu ya Kitui. Sikuwa na mpango wowote mbaya, na naapa kwamba ningeipeleka.

Asubuhi moja tulikuwa Mtito Andei, na mwenzangu alikuwa ametoka kwenda posta. Hotelini hapakuwa na mteja mwingine. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwa kanga, akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dereva," akasema, "nataka kukuuliza kitu, na uniambie ukweli."

Nikamwambia aulize.

"Rafiki yako anasema ataacha hii kazi ya kuzunguka akae na mimi. Mimi nimeshaachwa mara moja kwa hii barabara. Wewe unamjua kuliko mtu yeyote. Ni mtu wa kukaa?"

Barua ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chini ya kiti changu. Ningeweza kuitoa nikaiweka mezani, na mambo yangeishia hapo. Nilitazama ndani ya kikombe.

"Sijui," nikasema.

Alingoja. Nafikiri alidhani nitaongeza neno.

"Miaka sita mnalala chumba kimoja, na hujui?"

"Mtu huwezi kumjua moyoni, mama."

Alitikisa kichwa polepole, akainuka, akachukua kikombe changu ingawa sikuwa nimemaliza. "Asante kwa kuniambia ukweli," akasema, akarudi jikoni. Mwenzangu aliporudi na kifurushi chake tulipakia tukaondoka, naye akampungia mkono mama kupitia dirisha la gari. Mama naye alipunga.

Wiki tatu baadaye tulikuta hoteli imefungwa kwa kufuli. Mwenye duka alitoka akatusalimia, ndevu zake zimepakwa hina, akaonekana hapendi kazi aliyoachiwa. Alisema mama amekwenda kwa dada yake Taita na ameuza vyombo vyote. Ujumbe aliouacha kwa mwenzangu ulikuwa mfupi, kwamba asimfuate. Mzee aliongeza kwa hiari yake kuwa mama alilia sana siku ya kuondoka, na kwamba yeye na mkewe walijaribu kumsihi wakashindwa.

Mwenzangu alikaa kwenye ngazi za duka. Aliniuliza, "Nilimkosea nini?"

Nilimjibu kwamba wanawake wa barabarani ndivyo walivyo. Nilisema hivyo juu ya mwanamke aliyenilisha mwaka mzima na ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Mwenye duka alinitazama, kisha akaingia ndani.

Ile barua mwenzangu aliniomba nimrudishie, akaichana vipande tulipokuwa tunavuka daraja la Athi. Tukaendelea na kazi kwa miaka mitatu mingine. Nilipata nilichokuwa nimekitaka, kitanda cha pili chumbani hakikuwa kitupu. Lakini yeye hakuwa tena yule mtu wa zamani. Alianza kulala mapema, akageukia ukutani. Maikrofoni ilipowashwa, zile sauti zake zilirudi zote, na watu walicheka kama kawaida. Ikizimwa, tulikuwa tunaweza kusafiri kutoka Mukuyuni mpaka Kitui bila kusema zaidi ya maneno kumi. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa ndani ya gari lile na mtu ameketi kando yangu.

Filamu iliyomaliza yote ilitufikia kwa makosa. Huko Nairobi mtu alichanganya masanduku, na badala ya kichekesho tukapewa filamu ndefu ya huzuni. Tuligundua tukiwa tumeshafika Mukuyuni, ndani ya ukumbi wa shule, mchana wa Jumamosi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Hatukuwa na mkanda mwingine. Mwenzangu alisema tuionyeshe tu, ataitafuta njia yake.

Ilikuwa inahusu wanaume wawili waliopanga chumba kimoja juu ya duka la mikate, katika mji wa baridi. Wote wawili walikuwa wasafishaji wa bomba za moshi. Mmoja wao alikuwa ameachwa na mke. Wa pili alimpenda fundi wa nguo aliyeishi ng'ambo ya barabara. Yule aliyeachwa akaona atabaki peke yake, akaenda kwa fundi wa nguo akamwambia kwamba mwenzake ana mke mahali pengine. Fundi wa nguo akafunga cherehani yake akaondoka na gari moshi. Waliobaki walikaa mezani mwao wakicheza karata, mmoja akijua na mwingine asijue.

Nilikuwa nyuma ya projekta, mkono juu ya kasha lake la taa lenye joto. Sikuweza kutoka, kwa sababu mkanda ulikuwa mbovu na ulihitaji kushikiliwa. Mbele yangu mwenzangu aliendelea kuwasemea wale watu wawili. Kwa mara ya kwanza hakuwa amewapa sauti za kuchekesha. Alimpa yule aliyedanganya sauti ya chini, ya kawaida, ya mtu anayezungumza na mwenzake garini.

Mwanzoni watu walinung'unika wakitaka kichekesho chao, lakini baadaye wakanyamaza. Wakati wa ile meza ya karata, mama mmoja mzee aliyeketi mstari wa mbele, amejifunga leso mbili, aliuliza kwa sauti, kama tulivyozoea kuulizwa, "Kwa nini huyo asimwambie mwenzake ukweli?"

Kwenye filamu hakuna aliyekuwa akisema kitu. Mwenzangu alimjibu mama kupitia maikrofoni, kwa upole, kwa maneno yake mwenyewe. "Mwaitu," akasema, yaani mama yetu, "anaogopa kubaki peke yake. Lakini angalia, si ameshabaki?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa na shaka juu yangu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani hakuwa nayo. Nadhani alikuwa tu ameielewa filamu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na aliijua.

Watu walipotoka, magunia yakateremshwa na jua likaingia ukumbini. Alikuwa anakunja waya wa spika kwenye kiwiko chake, mzunguko baada ya mzunguko. Nilimsogelea nikamwambia yote. Nilimwambia swali la mama na jibu langu. Nilimwambia barua ilikuwa chini ya kiti. Sikujitetea, na hata ningetaka sikuwa na cha kujitetea nacho.

Aliendelea kukunja mpaka waya ukaisha. Akaufunga kwa kamba, akauweka sandukuni, akafunga sanduku.

"Ungekaa nalo," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Miaka mitatu nimeamini alinichoka," akasema. "Nilikuwa nimeshazoea. Sasa unanipa kitu kingine cha kubeba, na wewe unatembea mwepesi."

Hakupandisha sauti, wala hakunitukana, na kusema kweli ningependa angenitukana. Tulipakia vyombo. Alikaa kando yangu mpaka mji wa Wote, akateremka na begi lake, akasema atanikuta Kitui Jumatatu.

Jumatatu hakuja. Alikuja Alhamisi, na nikaona kwa vumbi la viatu vyake kwamba ametoka mbali. Aliniambia kwa sentensi moja kwamba alikwenda Taita, akamkuta mama ameolewa na mkulima, ana mtoto mgongoni, na wamesalimiana vizuri. Kisha akaomba funguo za stoo ili arudishe maikrofoni. Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Barua safari hii aliiandika na kuipeleka mwenyewe, na makosa yake yote ya Kiingereza.

Walinipa mtafsiri mwingine, kijana aliyependa kupiga kelele. Alidumu mwaka mmoja. Watu walikuwa wakiniuliza kila soko, yule mrefu yuko wapi, nami nasema ameoa, au ameenda Mombasa, kulingana na siku. Video zilipoanza kuingia kwenye mabaa ya miji midogo, kampuni ikauza magari yake. Nikarudi Kitui kwenye nyumba ya mama, ambaye alikuwa ameshafariki, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio. Sikuoa tena. Nilipata nafasi mara moja, mjane mwema wa pale kanisani, lakini kila nilipotaka kumweleza mimi ni mtu wa namna gani nilijikuta sina la kumwambia, na yeye akaacha kungoja.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza niliposikia habari za mwenzangu. Mteja aliyeleta redio kutoka Mbumbuni alinitajia harusi ya mwezi uliopita, ya mzee mmoja mrefu aliyeoa akiwa na zaidi ya miaka hamsini, mtu ambaye zamani alikuwa anatafsiri sinema. Alisema kanisa lilijaa, na bwana harusi mwenyewe aliongea akawavunja watu mbavu. Niliitengeneza redio ya mteja huyo nikakosea mara mbili.

Nilimaliza wiki mbili nikijiuliza, kisha nikaenda. Nilichukua kilo mbili za sukari na blanketi jipya. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na shamba lake lilikuwa na makinga-maji mazuri, yamechimbwa kama tulivyokuwa tukiwaonyesha watu kwenye filamu. Alikuwa anapalilia mbaazi. Aliponiona alisimika jembe, akapangusa mkono kwenye suruali, akanipa. Tulishikana mikono kwa muda mfupi kuliko kawaida. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

Mkewe alitoka nyumbani, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, akaniuliza mimi ni nani ili anikaribishe kwa jina. Nilingoja mwenzangu aseme.

"Huyu tulifanya kazi pamoja," akasema.

"Kazi gani, ya sinema? Basi ndiye rafiki yako wa kwenye hadithi?"

"Tulifanya kazi pamoja," akarudia, kwa sauti ile ile, bila ukali wowote.

Nikasema ndiyo, mimi nilikuwa dereva. Mkewe alifurahi, akatuandalia chai na chapati. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mbaazi, juu ya barabara ya lami waliyoahidiwa. Mkewe aliniomba nisimulie jinsi mumewe alivyokuwa zamani, nikamsimulia kuhusu zile sauti zake, ya karani na ya mama wa kisimani. Alicheka sana. Mwenzangu alitabasamu akitazama kikombe chake. Hakuna aliyetaja Mtito Andei. Nilipotaka kuomba msamaha, niliona amani iliyokuwa mle ndani, nikakumbuka alivyoniambia Mukuyuni, nikakaa nalo.

Alinisindikiza mpaka kwenye lango la miiba. Wageni wa kwetu husindikizwa mpaka barabarani, na barabara ilikuwa chini kabisa ya kilima, lakini alisimama langoni akanitakia safari njema, akarudi kwenye jembe lake. Mkewe ndiye aliyenikimbilia kwenye njia na mfuko wa mbaazi mbichi, akinilaumu kwamba nimekuja peke yangu, akisema mara ijayo nije na mama wa nyumbani.

Nilimwambia nitakuja naye. Mbaazi hizo nilizimenya mwenyewe Kitui, nikazichemsha kidogo kidogo, na zilinitosha siku nne.